Kebo moja chini ya jiwe: kisa cha VLAN nne katika nyumba moja Mwanza

Usuli

Nyumba iko kwenye mojawapo ya vilima vya mawe vya Mwanza, upande unaotazama ziwa. Mtaa na majina nimeviondoa, na mambo madogo kuhusu wahusika nimeyageuza makusudi. Mpangilio wa vifaa na makosa yetu nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Nyumba kubwa anaishi mama mwenye nyumba, mstaafu, pamoja na binti yake anayefanya kazi za hesabu kwa kompyuta akiwa nyumbani. Nyuma, hatua kama arobaini, kuna nyumba ya uani yenye vyumba vinne vilivyopangishwa kwa wanafunzi wa chuo. Intaneti ni moja, ya faiba, inaingilia sebuleni. Kodi ya chumba inajumuisha intaneti, ndiyo maana vyumba vile havikai wazi hata wiki moja.

Kati ya nyumba hizo mbili pana kebo moja tu ya mtandao. Aliyejenga alitumia ufa uliokuwapo kati ya mawe mawili, akapitisha bomba jembamba la plastiki, akavuta kebo moja, akamwaga zege juu. Ukitaka ya pili, upasue jiwe au upitishe waya hewani, na waya wa shaba unaoning'inia kati ya majengo mawili kwenye ukanda huu wenye radi za usiku ni kuikaribisha radi mpaka sebuleni. Siku ya kwanza nilimuuliza mama kama bomba lina nafasi ya kebo nyingine. Akacheka. "Mwanangu, hilo bomba hata sisimizi wanapita kwa zamu."

Vifaa vilivyokuwapo: ruta ya MikroTik hEX yenye poti tano (matundu ya kebo), swichi ya mtandao, yaani kifaa cha kuunganisha kebo nyingi, ya poti nane kwenye kabati chini ya ngazi (nitaiita A), nyingine kama hiyo nyumba ya uani (B), AP mbili, yaani vifaa vya kurushia Wi-Fi, kamera sita na kinasa chake, yaani NVR. Swichi zote mbili ni za bei ya chini lakini zinasanidiwa, yaani unaweza kuziandikia mipangilio yako, na zinaelewa 802.1Q, kiwango cha VLAN. Kwenye mchoro wangu wa siku ile, vifaa viliishia hapo. Mchoro ulikuwa na pengo, nitalifikia.

Kilichomfanya mama apige simu

Mambo mawili, wiki moja.

La kwanza: mtandao wa nyumba nzima ulizimika asubuhi binti akiwa katikati ya kikao cha kazi. Wi-Fi ilionyesha imeshika, lakini hakuna kilichofunguka. Nilipofika nikaangalia laptopu yake: anwani 192.168.0.14, lango 192.168.0.1. Ruta yetu ilikuwa 192.168.88.1, ile ya kiwandani. Maana yake kulikuwa na ruta nyingine ndani ya nyumba inayogawa anwani. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenunua ruta yake ya Wi-Fi kwa sababu kuta za mawe zinameza mawimbi chumbani kwake, akachomeka kebo ya ukutani kwenye poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) badala ya WAN (ya kuingizia intaneti). DHCP ya ruta ile, yaani huduma ya kugawa anwani, ikaanza kujibu maombi ya kila mtu, na kila aliyejibiwa naye alielekezwa kwenye lango lisilo na intaneti nyuma yake. Kijana hakuwa na kosa la maana. Mtandao wote ulikuwa ukumbi mmoja, na kwenye ukumbi mmoja anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa.

La pili alinionyesha kijana huyohuyo, kwa uungwana. Programu ya kamera aliyoipakua kwa ajili ya nyumbani kwao ilitafuta vifaa yenyewe, ikaiona NVR ya mama. Nenosiri lilikuwa lile la kiwandani. "Kaka fundi, naona mpaka geti," akasema, huku ameinamisha simu kama mtu aliyeokota pochi ya mwenzake.

Nenosiri nilibadilisha palepale. Mama akauliza swali moja: "Sasa wao wanaweza kuwa na wao, na sisi tukawa na sisi?"

Tulichoamua, na kwa nini

Njia rahisi ingekuwa ruta tatu: moja ya familia, moja ya wapangaji, moja ya kamera. Nimewahi kuifanya kwingine na inakubalika, ila inataka kebo tatu. Hapa ipo moja, na moja ya kamera iko uani pamoja na wapangaji. Kebo ile ilibidi ibebe mitandao miwili au zaidi bila kuichanganya. Kazi ya VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya kebo na swichi zilezile, ndiyo hiyo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzigusa: fikiria meli ya mizigo ya kwenda Nansio. Magunia ya wafanyabiashara ishirini yanalala sitaha moja, lakini kila gunia limeandikwa kwa rangi jina la mwenyewe, na gatini kila mtu anachukua lake. Kiwango cha 802.1Q, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, kinafanya vivyo hivyo: kinaongeza baiti 4 ndani ya fremu, yaani kifurushi cha data, ya Ethaneti, na ndani yake biti 12 ni namba ya VLAN. Namba zinazotumika ni 1 hadi 4094. Alama hiyo huitwa tagi, na kebo inayobeba fremu zenye tagi za VLAN kadhaa mafundi tunaiita tranki. Poti ya mwisho anapochomeka mtu laptopu inabaki bila tagi. Swichi inaandika jina fremu inapoingia na kulifuta inapotoka, laptopu haijui lolote.

Tukagawa hivi. VLAN 10 familia, VLAN 20 wapangaji, VLAN 30 kamera na NVR, VLAN 99 ya kusimamia vifaa vyenyewe. Anwani zikafuata namba: 192.168.10.0/24, 192.168.20.0/24, na kuendelea, ili ukiona anwani tu ujue mtu yuko mtandao gani. Uamuzi huu mdogo ulituokoa baadaye.

Kwenye ruta, ether1 ilikuwa ya intaneti, ether2 tranki ya kwenda swichi A, ether3 AP ya sebuleni, ether4 kompyuta ya binti. AP ya sebuleni ilibeba majina mawili ya Wi-Fi, la familia na la wapangaji wanapokuja barazani. Tranki kati ya A na B ingebeba 10, 20, 30 na 99 zote zikiwa na tagi. VLAN 1, ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani, tuliiacha tupu: haina DHCP wala anwani. Kitu kisichojua kwao kikiingia huko, kikae gizani.

Jumamosi ya kwanza

Nilianza saa tatu asubuhi nikiwa na uhakika wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Saa nne na robo nilikuwa nimejifungia nje ya ruta.

Kwenye MikroTik unatengeneza briji (swichi ya ndani ya ruta), unaingiza poti, unaandika jedwali la VLAN, halafu mwisho kabisa unawasha kichujio cha VLAN. Kabla ya kukiwasha jedwali lote ni maandishi tu, halifanyi kazi. Nilikiwasha, na dirisha la Winbox, programu ya kusanidi MikroTik, likakatika. Nikajaribu kuingia kwa anwani ya MAC, ile namba ya kiwandani ya kifaa. Kimya. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa VLAN 99: nilikuwa nimeorodhesha ether2 na poti nyingine, lakini sikuiweka briji yenyewe kuwa mwanachama mwenye tagi. Watu wengi huliona hili geni. Briji ni swichi, na ubongo wa ruta umechomekwa kwenye swichi hiyo kwa poti isiyoonekana. Usipoitaja poti hiyo, fremu za VLAN 99 zinazunguka kati ya poti za nje na ruta yenyewe haizisikii. Nilikuwa nimejenga chumba cha meneja nikasahau kumwekea meneja mlango.

Kulikuwa na kinga mbili ambazo sikuzitumia. RouterOS, programu inayoendesha ruta hii, ina hali ya usalama ambayo, ukiiwasha na mawasiliano yakakatika, inarudisha mabadiliko yote ya kikao hicho. Nilikuwa naijua, nikaona uvivu. Ya pili ni kuacha poti moja nje ya briji, yenye anwani yake. Baada ya kuriseti na kurudisha bakapu, hiyo ya pili niliifanya: ether5 ikawa mlango wa uani wa ruta, 192.168.77.1, haiguswi na VLAN yoyote. Saa moja na nusu ilikuwa imepotea, na binti alikuwa ameshaunganisha laptopu kwenye intaneti ya simu yake bila kusema neno. Afadhali angesema.

Kwenye swichi B tulikutana na tatizo la pili. Poti 3, chumba cha mwanafunzi wa kwanza: laptopu yake ikapata 169.254 na tarakimu zinazofuata. Anwani ya namna hiyo kompyuta hujipa yenyewe ikiomba DHCP na kukosa wa kuijibu. Nilifungua ukurasa wa VLAN: poti 3 mwanachama wa VLAN 20, bila tagi, na imetolewa VLAN 1. Sahihi. Kebo nzima. Nikabadilisha kebo hata hivyo, kama tufanyavyo sote tukiishiwa.

Swichi za daraja hili zina kurasa mbili tofauti kwa jambo ambalo mtu angedhani ni moja. Ukurasa wa uanachama unasema fremu zinazotoka kwenye poti ni za VLAN ipi. Ukurasa wa PVID unasema fremu zisizo na tagi zinazoingia zihesabiwe za VLAN ipi. Nilikuwa nimejaza wa kwanza tu. PVID ya poti 3 ilibaki 1, kwa hiyo ombi la laptopu liliingizwa VLAN 1, mahali tulipoacha giza makusudi. Kutoka ilikuwa 20, kuingia 1. Niliandika 20 kwenye PVID, kijana akachomoa na kuchomeka tena, ikaja 192.168.20.23.

Kamera ya geti

Kamera tano kati ya sita zilipata anwani za 192.168.30. Ya geti haikupata. Taa yake inawaka, umeme upo, NVR inaonyesha mraba mweusi.

Mchoro wangu ulisema kamera ya geti iko swichi B, kwa sababu kebo yake inaelekea huko. Kijana ninayefanya naye kazi alisema hapana, iko A. Tulibishana kidogo, halafu tukafanya jambo lililopaswa kutangulia: tukasoma jedwali la MAC la kila swichi. Jedwali hilo ni kumbukumbu ya swichi ya nani amesikika kwenye poti ipi. Anwani ya MAC ya kamera ilikuwa imebandikwa kwenye karatasi ya NVR.

Swichi A ikasema: nimemsikia kwenye poti 8, VLAN 1. Poti 8 ndiyo tranki ya kwenda uani. Basi yuko B.

Swichi B ikasema: nimemsikia kwenye poti 1, VLAN 1. Poti 1 ndiyo tranki ya kwenda nyumba kubwa. Basi yuko A.

Kijana akacheka kwanza, mimi nikachelewa kuelewa. Kama kila mmoja anasema yuko kwa mwenzake, basi yuko njiani. Tulipanda darini na tochi. Chini ya vumbi na mabawa ya wale wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi na kufia popote penye taa, tulikuta swichi ndogo ya poti tano isiyosanidiwa. Kebo kutoka kabatini iliingia, kebo ya uani ikatoka, na kamera ya geti ikawa imechomekwa katikati. Fundi wa kamera aliyetangulia alikuwa ameokoa mita chache za kebo. Hakuna aliyekuwa anajua kuhusu swichi ile, mama mwenyewe hakujua kuna umeme darini.

Swichi isiyosanidiwa haijui VLAN. Ile iliruhusu fremu zenye tagi zipite bila kuzigusa, ndiyo maana mengine yote yalifanya kazi na hatukushuku. Fremu za kamera, kwa kuwa hazina tagi, ziliingia kwenye ncha zote mbili za tranki zikapewa PVID ya pale, ambayo ni 1.

Jioni ilikuwa imeingia. Dawa ya kudumu ilikuwa kuweka pale swichi ndogo inayosanidiwa, ambayo sikuwa nayo. Dawa ya haraka: kubadilisha tranki ya A na B ili fremu zisizo na tagi zihesabiwe VLAN 30, ncha zote mbili. Nikafanya hivyo. Kamera ikapata anwani ndani ya sekunde chache, mraba mweusi ukawa geti. Nilijua si usafi, maana kuanzia hapo chochote ambacho hakina tagi kwenye kebo ile ni cha mtandao wa kamera. Nikamwambia mama ni ya muda. Neno "muda" kwa fundi aliyechoka lina urefu wake.

Kumbe bado wanaonana

Kabla ya kuondoka nilimwomba kijana wa kwanza, yule mwungwana, ajaribu tena programu yake. Utafutaji haukuona NVR. Akaandika anwani yake kwa mkono, kwa kuwa nilimpa. Ukurasa wa kuingia ukafunguka.

Hapa ndipo wengi hukunja zana na kwenda nyumbani wakiamini kazi imekwisha. VLAN inazuia watu kusikiana moja kwa moja. Lakini ruta ina mguu katika kila VLAN, na kazi ya ruta ni kupitisha pakiti (vifurushi vya data) kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Faiawoli ya kiwandani ya ruta hii, yaani kanuni za nani apite na nani azuiwe, inazuia wanaotoka nje kwenye intaneti. Kati ya mitandao ya ndani haizuii kitu. Tulikuwa tumejenga kuta nne, na milango yote iko wazi.

Nikaandika kanuni: mawasiliano yaliyokwishaanza yaendelee; familia iende intaneti na iende kwa kamera; wapangaji waende intaneti tu; kamera zisiende popote; kila kilichobaki kikataliwe. Papo hapo simu ya mama, iliyozoea kuonyesha geti akiwa kanisani, ikakataa, kwa sababu NVR nayo ilikuwa imezuiwa kutoka. Nilikubali shingo upande kuipa NVR peke yake ruhusa ya intaneti, kamera zenyewe zikabaki ndani. Saa za kamera zingeanza kupotea bila intaneti, hivyo nikaifanya ruta iwe ndiyo inayozipa saa.

Dakika kumi baadaye wapangaji wote wanne walikuwa mlangoni. Wi-Fi imeshika, anwani wamepata, WhatsApp haifunguki. Nilipingi, yaani niliita kujaribu, 8.8.8.8, seva ya Google, kutoka simu ya mmoja wao, ikajibu vizuri. Jina lolote, halijibu. VLAN 20 sikuwa nimeiweka kwenye orodha ya LAN ya ruta, mitandao inayoruhusiwa kuifikia ruta yenyewe, makusudi, wasiweze kufungua ukurasa wa usimamizi. Lakini ruta hiyohiyo ndiyo tuliyowaambia waiulize majina ya tovuti, na sasa ilikuwa inawanyima hata swali. Nikafungua poti 53, mlango wa maswali ya majina, peke yake, UDP na TCP, kutoka VLAN 20 kuelekea ruta.

Lilikuwapo pia suala la runinga. Niliiweka awali pamoja na kamera, kwa mawazo ya vitabuni kwamba vifaa janja vyote vikae chumba kimoja. Mama akashindwa kurusha mahubiri kutoka simu kwenda runinga. Simu hutafuta runinga kwa mDNS, wito unaotumwa kwa vifaa vyote vya mtandao mmoja, kupitia 224.0.0.251, na ujumbe huo hauvuki ruta. Ungeweza kuwekewa mpitishaji. Nikaihamishia runinga VLAN 10, yakaisha. Kuna mambo hayastahili werevu.

Usiku wa radi

Siku nne zilipita salama. Umeme ulikatika mara kadhaa kwa dakika chache, UPS ndogo ya uani, betri ya akiba, ikabeba. Usiku wa Jumatano ikaja mvua ile ya ziwani, radi mfululizo, umeme ukaenda mpaka karibu na alfajiri. UPS ikaisha.

Saa mbili asubuhi simu ya mwanafunzi mmoja. "Shikamoo kaka. Sina intaneti, lakini nimepata anwani ya 192.168.30. Si ulisema hiyo ni ya kamera?"

Nilikaa kitandani. Swichi B ilikuwa imewaka upya ikiwa kama imetoka dukani. Kwenye swichi zile, kitufe cha kutekeleza mabadiliko na kitufe cha kuyahifadhi ni viwili tofauti, na cha pili kiko kwenye ukurasa mwingine kabisa. Kwenye A nilikibonyeza. Kwenye B, kwa zile pilika za PVID, sikukibonyeza hata mara moja. UPS ilikuwa imenificha kosa langu kwa siku nne.

Lakini hilo peke yake lingewaacha wapangaji bila mtandao tu. Angalia kilichotokea kwenye kebo. B sasa ina poti zote VLAN 1, bila tagi. Fremu za vyumba vyote vinne zinatoka kwenye tranki bila tagi. Zinafika A, poti 8, ambayo dawa yangu ya haraka inasema: kisicho na tagi ni VLAN 30. Nyumba nzima ya uani ikamwagwa ndani ya mtandao wa kamera. Huko faiawoli haina la kusema, maana wako chumba kimoja na NVR, pakiti hazipiti kwa ruta. Mtandao niliojenga kuwatenga na kamera ulikuwa umewaingiza humohumo, na kama nisingebadilisha nenosiri siku ya kwanza, tungerudi tulikoanzia, pabaya zaidi.

Kama PVID ya tranki ingebaki VLAN 1, B iliyosahau ingewapeleka gizani. Wangelalamika hawana intaneti, basi.

Nilipofika mama alikuwa amekaa barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba. Fundi, mtandao wako unaogopa mvua?" Nilimweleza yote, pamoja na kitufe. Hakuuliza gharama, aliuliza kama wale vijana walikuwa wameona kitu. Logi ya NVR ilionyesha hakuna aliyejaribu kuingia usiku ule.

Matokeo

Siku ile nilinunua mjini swichi ndogo ya poti tano inayosanidiwa, nikaipandisha darini badala ya ile ya zamani. Kamera ya geti ikapewa poti yake ya VLAN 30, na tranki pande zote mbili zikarudi kubeba tagi tu. Nikahifadhi usanidi wa kila swichi, halafu nikafanya nilichopaswa kufanya Jumamosi: nikazima umeme wa nyumba nzima kwenye meini swichi, nikahesabu dakika mbili, nikawasha. Vifaa vyote vilirudi kama vilivyoachwa.

Miezi imepita. Mwanafunzi mwingine amewahi kurudia kosa la ruta ya LAN kwa LAN. Waliokosa mtandao ni wenzake wa uani, nusu saa hivi, na binti hakujua kama kuna kitu kimetokea.

Uchambuzi

Kilichotusaidia zaidi hakikuwa cha kitaalamu sana. Namba ya VLAN kuwa ndani ya anwani ilimfanya mwanafunzi, ambaye hasomi mambo haya, atambue kwa kuangalia simu kwamba yuko chumba kisicho chake. Kuacha VLAN 1 tupu kulikuwa uamuzi sahihi, na tatizo kubwa lilikuja siku nilipouvunja mwenyewe. Poti ya dharura nje ya briji imenifaa mara mbili tangu hapo.

Makosa yetu karibu yote nikiyatazama sasa yana umbo moja. Nilipanga mtandao kwa vifaa: ruta ina hiki, A ina hiki, B ina hiki. Kila kifaa kikitazamwa peke yake kilikuwa sahihi, au karibu. Palipoharibika ni kati ya ncha mbili. Briji na ubongo wa ruta hazikukubaliana juu ya 99. Poti 3 ilikuwa na wazo moja fremu ikitoka na jingine ikiingia. Usiku wa radi, A ilisema kisicho na tagi ni 30, B ikasema ni 1. Hata swichi ya darini ilijificha kwa sababu mchoro ulikuwa na masanduku, na kebo zilichorwa kama mistari tu ya kuunganisha masanduku.

Sasa daftari langu lina mstari mmoja kwa kila kebo. Upande wa kushoto ncha ya kwanza: VLAN zipi zenye tagi, ipi bila tagi, PVID ngapi. Kulia ncha ya pili, mambo yaleyale. Safu ya mwisho inauliza: ncha hii ikisahau kila kitu, mtu ataangukia wapi? Ndiyo safu iliyonikera kuijaza mwanzoni, na ndiyo ninayoisoma kwanza nikirudi kwenye nyumba ya mtu.

Dawa ya haraka ya kamera ya geti bado naitetea kwa saa kumi na mbili. Kwa siku nne, hapana. Ningeweza kuiacha kamera gizani mpaka Jumatatu na kumwambia mama ukweli, naye angeweka mlinzi au angesali. Niliogopa kuondoka nimeacha mraba mweusi.

Jambo moja halijatatuliwa. Kebo ya bomba lile bado ni shaba kati ya majengo mawili, na mwaka huu radi imeshaua adapta ya kamera moja ya uani. Jibu ni faiba, na faiba inataka bomba. Mama amepata fundi wa mawe anayesema anaweza kupanua ufa bila baruti. Tunasubiri kiangazi.